Ratiba za Anga na Misimu ya Ngorongoro

Asubuhi nyingi za mwaka, na hasa katika miezi ya mvua, ukingo wa Ngorongoro hufunikwa na ukungu mzito. Msafiri atokaye Karatu huanza safari katika mwanga wa jua, akapita kando ya mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi, kisha barabara inapoingia msituni hulazimika kuwasha taa za gari ingawa saa ni nne ya mchana. Ukungu huo ni neema. Ndio unaoinywesha misitu ya nyanda za juu, na misitu hiyo ndiyo inayozilisha chemchemi na vijito vinavyoteremka kuelekea Karatu na kusini yake. Lakini neema hiyo ni kikwazo kwa jicho lolote linalojaribu kuitazama ardhi kutoka angani.

Katika miaka ya karibuni nchi jirani za Afrika Mashariki zimeanza kurusha setilaiti zao ndogo, na kadhaa kati ya hizo zimetolewa angani kutoka katika kituo wanamoishi watu. Yafaa basi kuuliza jinsi kazi hiyo inavyopangwa, nani mwenye kuamua saa ya kutazama na mahali pa kutazamwa, na mkulima wa Karatu au mfugaji wa Ngorongoro anaweza kupata nini katika mpango huo.

Bakuli la volkeno na maji yake

Ngorongoro ni mabaki ya mlima mkubwa wa volkeno ambao kilele chake kiliporomoka zamani sana, kikaacha bakuli lenye upana wa kilometa 19 hivi na kina cha meta 600 hivi. Sakafu yake ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 260. Kuizunguka bakuli hiyo kuna milima mingine ya asili hiyo hiyo: Oldeani upande wa kusini-magharibi, Loolmalasin na Empakai upande wa kaskazini-mashariki, na mbele zaidi, karibu na Ziwa Natron, Oldoinyo Lengai, volkeno ambayo bado i hai. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Upande wa kusini wa milima hiyo ndiko iliko Karatu. Udongo wake wa volkeno una rutuba, lakini miteremko yake hukatwa na makorongo pale mvua kubwa inapokuta ardhi iliyo tupu. Bondeni zaidi, karibu na Ziwa Eyasi, wakulima wa Mang'ola humwagilia vitunguu kwa maji ya chemchemi katika nchi ambayo kwa mvua peke yake ingekuwa kame. Hivyo shamba la kitunguu, boma la mfugaji na msitu wa juu vimeunganishwa na maji yale yale. Msitu ukipungua juu, dalili zake hufika bondeni baada ya muda, nazo hufika wakati marekebisho yamekwisha kuwa magumu.

Hapo ndipo faida ya kutazama kutoka juu inapoonekana. Afisa wa misitu anayetembea kwa miguu huona mti mmoja mmoja, wala hawezi kuuona msitu mzima kwa siku moja. Setilaiti humwonyesha msitu wote kwa mara moja, ikiwa itapita wakati mawingu yamefunguka.

Saa za setilaiti

Njia ambayo chombo hupita katika kuizunguka dunia huitwa mzingo. Umbo la mzingo ndilo linaloamua chombo kitapita wapi na saa ngapi, na mara kikisharushwa si rahisi kulibadili.

Setilaiti za kupima ardhi za namna ya Landsat, ambayo ya kwanza ilirushwa na Marekani mwezi Julai mwaka 1972, hupita karibu na ncha mbili za dunia. Mzingo wake umepangwa ili setilaiti ifike juu ya kila mahali saa ile ile kwa kulifuata jua. Juu ya Karatu hupita kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mpango huo una faida kubwa: vivuli huwa vya namna moja, na picha ya mwaka huu inaweza kulinganishwa na ya miaka 20 iliyopita. Lakini saa hiyo ndiyo ambayo ukungu wa ukingoni mara nyingi haujatawanyika. Landsat mbili zinazofanya kazi kwa zamu hurudi mahali pamoja kila baada ya siku 8. Zikikuta mawingu, mtazamaji hana budi kungoja siku nyingine 8, na katika masika anaweza kungoja hivyo mara nyingi mfululizo.

Kituo cha Kimataifa cha Anga hufuata desturi nyingine. Huruka kiasi cha kilometa 400 juu ya ardhi na kuizunguka dunia kwa dakika 93 hivi. Mzingo wake umeinama kwa nyuzi 51.6 kutoka ikweta, kwa hiyo hupita juu ya nchi zilizo kati ya nyuzi hizo kaskazini na kusini. Mzingo huo hugeuka polepole, nacho kituo hufika mahali fulani mapema zaidi kwa dakika 24 hivi kila siku. Kikipita leo alasiri, baada ya wiki chache kitapita asubuhi, kisha usiku. Mzunguko mzima wa saa hizo huchukua siku 60 hivi.

Jambo hilo linaloonekana kama kasoro limegeuzwa kuwa nyenzo. Mwaka 2018 kituo kilifungiwa chombo kiitwacho ECOSTRESS, ambacho hupima joto la majani. Mmea wenye maji ya kutosha hutoa jasho na kupoa. Mmea wenye kiu hufunga vinyweleo vyake na kupata joto. Kwa kuwa kituo hupita kwa saa mbalimbali, chombo hicho kinaweza kuona jinsi kiu ya mimea inavyopanda tangu asubuhi hadi alasiri, jambo ambalo setilaiti ya saa nne haiwezi kuliona. Mwishoni mwa mwaka huo huo kilipelekwa chombo kingine, GEDI, ambacho hutuma miale ya leza na kupima urefu wa miti kwa muda ambao mwanga huchukua kwenda na kurudi. Kwa misitu ya milimani kama ile iliyo juu ya Karatu, kipimo cha urefu hueleza mengi kuliko picha ya rangi ya kijani, kwani kichaka na mti wa miaka 100 huweza kuwa na rangi moja vikitazamwa kutoka juu.

Lakini nafasi za kufungia vyombo nje ya kituo ni chache. Mwezi Machi mwaka 2023 GEDI iliondolewa mahali pake ikawekwa akiba ili kukipisha chombo kingine, ikarudishwa kazini mwezi Aprili mwaka 2024. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi haikupima kitu chochote, katika Ngorongoro wala mahali pengine. Hakuna kilichoharibika. Palikuwa na ratiba moja tu, nayo ilikuwa na wahitaji wengi.

Afrika Mashariki na mwanzo wa safari za anga

Haifai kudhani kwamba mambo haya ni mageni katika pwani hii. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Marekani ilipokuwa ikirusha wanaanga wake wa kwanza katika mpango wa Mercury, mmojawapo wa vituo vya kuwasiliana nao ulijengwa Tunguu, Unguja. Chombo cha siku zile kiliweza kuzungumza na kituo cha ardhini kwa dakika chache tu kila kilipopita juu yake, na kwa hiyo mlolongo wa vituo ulihitajika kuizunguka dunia. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vilivyomfuatia. Kilifungwa mwaka 1964.

Baadaye kidogo, katika bahari karibu na Malindi, Italia iliweka majukwaa ya San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ndogo ya sayansi ilirushwa kutoka hapo na kupewa jina la Uhuru. Uzito wake haukufika kilo 150. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, miale ambayo angahewa ya dunia huizuia isifike ardhini. Hadi ilipokoma mwaka 1973 ilikuwa imekusanya habari ambazo ziliwezesha wanasayansi kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Malindi haikuchaguliwa kwa bahati. Chombo kinachorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki hupata msaada wa mzunguko wa dunia yenyewe, na huweza kuingia katika mzingo unaoifuata ikweta bila kupoteza mafuta mengi. Mzingo wa Uhuru uliinama kwa nyuzi 3 tu. Karatu iko nyuzi 3 na theluthi moja kusini ya ikweta. Kwa hiyo kila Uhuru ilipozunguka ilipita katika anga lake, kiasi cha mara 14 kwa siku. Setilaiti hiyo ilikuwa imeelekeza macho kwenye nyota, haikuitazama ardhi. Hata hivyo hesabu yake ina somo kwa nchi zilizo karibu na ikweta: mzingo wa namna hiyo huwapa wakazi wake nafasi nyingi za kutazamwa kila siku, na penye nafasi nyingi mawingu hayawezi kuziba zote.

Siku ya kazi angani

Msomaji anaweza kufikiri kwamba watu walioko juu hutazama dirishani wapendapo. Sivyo. Siku ya mwanaanga hupangwa kwa vipande vya dakika tano tano. Hulala saa 8 na nusu, hufanya mazoezi ya mwili kwa saa 2 na nusu ili mifupa na misuli isidhoofike, na hubakiwa na saa 6 na nusu hivi za kazi za sayansi na matengenezo. Muda uliobaki ni wa chakula, usafi na mazungumzo ya asubuhi na jioni na wapangaji walioko ardhini. Katika kompyuta yake kuna jedwali la siku nzima, na mstari mwekundu husogea juu ya jedwali hilo kufuata saa. Saa yenyewe ni ya Greenwich, kwa sababu kituo huona mapambazuko mara 15 au 16 kwa siku na jua haliwezi kuwa kipimo. Wanaanga wanapoamka saa kumi na mbili ya asubuhi kwa saa hiyo, Karatu ni saa tatu asubuhi.

Ratiba hiyo hutungwa kwa hatua. Miezi mingi kabla huamuliwa vyombo gani vitafika, nani atapanda na nani atashuka. Wiki chache kabla, kazi hugawanywa kwa siku. Siku chache kabla, hugawanywa kwa saa na kwa mtu. Vituo vya Houston, Huntsville, Moscow, Tsukuba na Oberpfaffenhofen hushiriki, na kila kimoja kina madai yake.

Uangalifu huu ulifunzwa na makosa. Tarehe 16 Novemba 1973 Marekani ilipeleka kikundi cha mwisho katika kituo cha Skylab: Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue. Wote watatu walikuwa hawajawahi kuruka angani. Wapangaji waliwapa kazi kwa kasi ile ile ya kikundi kilichotangulia, ambacho kilikuwa kimekwisha kuizoea kazi. Wageni hao wakachelewa, wakakosea, wakala chakula kwa haraka na kufanya kazi hata siku za mapumziko. Na kadiri walivyochelewa ndivyo walivyozidi kuhimizwa. Tarehe 30 Desemba 1973 pande mbili zilizungumza kwa redio kwa uwazi. Baada ya hapo saa za chakula na mapumziko ziliheshimiwa, na kazi ndogo ndogo ziliandikwa katika orodha ambayo kila mtu angeifanya kwa wakati aliouona unafaa. Kikundi kilirudi tarehe 8 Februari 1974 baada ya siku 84, kikiwa kimetimiza kazi nyingi kuliko ilivyotazamiwa. Baadaye ilienea hadithi kwamba wanaanga hao waligoma. Kumbukumbu za safari hazithibitishi mgomo. Zinathibitisha kwamba ratiba isiyomsikiliza mtendaji huzaa upungufu ule ule inaokusudia kuuzuia.

Safari ya kisanduku

Mwaka 1999 walimu wawili wa vyuo vikuu vya California, Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari, walibuni kipimo cha setilaiti ya kufundishia wanafunzi: mchemraba wenye upande wa sentimeta 10, na uzito uliokusudiwa kuwa kilo moja hivi. Michemraba miwili au mitatu yaweza kuunganishwa. Kwa kuwa kila kisanduku kina vipimo sawa, chaweza kuingia katika kasha lolote la kurushia, na gharama ya safari hugawanywa kwa wengi.

Sehemu ya Kijapani ya Kituo cha Kimataifa huitwa Kibo. Jina hilo halikutokana na kilele cha Kilimanjaro; kwa Kijapani maana yake ni matumaini. Kibo ina chumba kidogo chenye milango miwili na mkono wa mashine ulio nje. Kasha la setilaiti hupelekwa kituoni ndani ya shehena ya kawaida. Mwanaanga hulifunga juu ya meza inayoteleza, hulisukuma katika chumba kile, hufunga mlango wa ndani na kuitoa hewa. Mlango wa nje hufunguliwa, mkono wa mashine hulishika kasha na kulielekeza nyuma na chini, ili kisanduku kitakachotoka kisije kikagongana na kituo. Kisha kifuniko hufunguka na springi hukisukuma kisanduku nje. Kwa dakika 30 za mwanzo kisanduku hakiruhusiwi kukunjua antena wala kutoa sauti ya redio. Njia hii ilitumiwa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba mwaka 2012.

Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ilipita mlango huo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa katika mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani wa kuzipa nchi zinazoendelea nafasi hiyo. Kisanduku hicho cha mchemraba mmoja kilirushwa kutoka Florida tarehe 2 Aprili 2018 na kutolewa angani tarehe 11 Mei 2018.

Rwanda ilifuata na RwaSat-1. Hiyo ilipaswa kuondoka katika kisiwa cha Tanegashima, Japani, tarehe 11 Septemba 2019. Saa chache kabla ya kurushwa, moto ulizuka katika jukwaa, na safari ikaahirishwa hadi tarehe 25 ya mwezi huo. Ilitolewa kutoka Kibo tarehe 20 Novemba.

Uganda nayo ilituma PearlAfricaSat-1, iliyojengwa na wahandisi wake katika Chuo cha Teknolojia cha Kyushu pamoja na setilaiti ya Zimbabwe na ya Japani. Tarehe 6 Novemba 2022 kengele ya moto ililia katika jengo la waongozaji huko Virginia na safari ikaahirishwa. Kesho yake roketi iliondoka, lakini bawa moja kati ya mabawa mawili ya umeme wa jua ya chombo cha shehena lilikataa kukunjuka. Chombo kilifika hata hivyo tarehe 9 Novemba, na kisanduku cha Uganda kilitolewa tarehe 2 Desemba.

Katika kila safari hizi kulikuwa na wiki kadhaa za kungoja ndani ya kituo. Kutoa setilaiti kunahitaji chumba cha milango miwili kiwe wazi, mkono wa mashine usiwe na kazi nyingine, na mwanaanga awe na nafasi katika jedwali lake. Pia hapana budi pasiwepo chombo kinachokaribia au kuondoka. Wakati huo wote betri ya kisanduku hupungua polepole gizani. Mwenye setilaiti ndogo ni kama abiria aliyepewa lifti katika lori la mizigo: nauli ni nafuu, lakini saa ya kuondoka si yake.

Mzingo nao si wake. Akitolewa kutoka kituoni atafuata njia ya kituo, na kwa kuwa huko bado kuna hewa hafifu, chombo huzidi kushuka hadi kiteketee. 1KUNS-PF iliteketea mwaka 2020. Jua linapochafuka, angahewa ya juu huvimba na muda huo hufupika. Kenya ilipotaka setilaiti ya kupima ardhi kwa utaratibu, Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi iliyoipeleka moja kwa moja katika mzingo wa kupita karibu na ncha, bila kupitia kituoni. Hiyo nayo ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa.

Sekunde tatu juu ya Ngorongoro

Kituo, na kisanduku kilichotoka humo, huenda kwa kasi ya kilometa 7 na zaidi kwa sekunde. Kikitokea kaskazini-magharibi, hutoka upande wa Musoma, hupita juu ya Karatu na kufika katika anga la Morogoro kwa muda usiotimia dakika mbili. Bakuli lote la Ngorongoro hupita chini yake kwa sekunde zisizofika tatu. Mwanaanga aliyeagizwa kulipiga picha ni lazima awe dirishani kabla, kamera mkononi, na ukungu uwe umetawanyika. La sivyo agizo hurudi katika orodha.

Kwa kisanduku kidogo tatizo la pili ni kupeleka habari chini. Redio yake ni dhaifu, na kituo cha kupokelea hukisikia kwa dakika chache kila kinapopita. Hivyo kamera huweza kupiga picha nyingi kuliko redio inavyoweza kutuma. Lakini ipo kazi moja ambayo udogo huo hauiharibu, nayo ni kazi ya tarishi. RwaSat-1 ilitengenezwa kwa majaribio ya namna hiyo: vipimo vilivyo ardhini hutuma tarakimu chache, setilaiti huzipokea, huzihifadhi, kisha huzikabidhi kwa kituo chake. Kipimo cha mvua kilichowekwa msituni juu ya Karatu, au kipimo cha kina cha chemchemi kilicho mbali na nguzo za simu, hakihitaji zaidi ya tarakimu chache kwa siku. Ukungu hauzuii mawimbi ya redio.

Ukungu hauzuii rada pia, na hilo lilidhihirika katika eneo hili hili. Mwezi Julai mwaka 2007 mitetemeko mingi ya ardhi ilitokea karibu na Ziwa Natron, na uliokuwa mkubwa kati ya hiyo ulisikika hata Nairobi. Setilaiti za rada, Envisat ya Ulaya na ALOS ya Japani, zilikuwa zimepima ardhi hiyo kabla, zikapima tena baadaye. Wanasayansi walipolinganisha vipimo hivyo waligundua kwamba mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejipenyeza chini ya ardhi karibu na mlima Gelai na kuipasua. Mwezi Septemba Oldoinyo Lengai ilianza kulipuka kwa nguvu, na milipuko iliendelea mwaka 2008. Jivu liliangukia malisho, na wafugaji walilazimika kuhamisha mifugo.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili. Picha ya baada ya maafa haina maana kama hakuna ya kabla. Kwa hiyo kutazama kila mara, hata pasipo na tukio, ndiko kunakotoa elimu. Pia vipimo vya mbali huhitaji kusaidiwa na vya karibu. Tangu mwaka 2016 vipokezi vinavyopima mwendo wa ardhi vimewekwa kuuzunguka mlima huo, navyo hutoa habari mfululizo wakati setilaiti haipo.

Mwenye msimu na mwenye ratiba

Watu wa Karatu na Ngorongoro si wageni wa kupanga. Mfugaji wa Kimasai huzuia baadhi ya malisho wakati wa mvua ili yawepo wakati wa kiangazi, na huamua siku ya kuyafungua kwa kuangalia majani, maji na hali ya ndama. Mkulima huweka tayari mbegu ya maharage na ya mbaazi, akangoja udongo ulowane vya kutosha. Hizo ni ratiba zinazofuata hali ya nchi. Ratiba ya kituo cha anga hufuata shehena, umeme na saa za wanadamu wachache walioko juu, nayo haiwezi kujua kwamba wiki hii ndiyo wiki ya kupanda Karatu isipokuwa mtu aijulishe mapema.

Kituo cha Kimataifa kimepangwa kuondolewa angani karibu na mwaka 2030 au baada yake kidogo. Mlango wa Kibo utafungwa, na milango mingine inatazamiwa kufunguliwa na mashirika mengine. Kwa nchi itakayotaka kuingia, kazi ya kwanza haitakuwa kununua roketi. Itakuwa kufundisha vijana wanaoweza kusoma hesabu za mzingo na pia kusoma mteremko wa Oldeani: wajue setilaiti gani ipite saa ngapi, kipimo gani kiwekwe katika chemchemi gani, na mkulima aelezwe nini, kwa lugha gani, kabla ya mvua kuanza. Habari za kiu ya mimea na urefu wa misitu zilizokusanywa kutoka kituoni hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta. Zile zinazohusu msitu ulio juu ya Karatu zimo humo tayari, zikingoja mtu wa kuzisoma.